Foleni ya Kumaliza Mbio

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na wenyewe wanaona heri hivyo, kwa sababu nchi ikishaingia kwenye ramani watu wa nje huanza kuiulizia. Ni nchi nzuri. Serikali yake inawapenda wananchi kiasi cha kutotaka waondoke pale walipo, na ndiyo maana Mwalimu Aloisi Mng'anya alikuwa amefundisha hesabu Kifumo kwa miaka tisa huku mkewe, Nesi Yusta, akihudumia wagonjwa Ndolela, safari ya siku mbili na mabasi matatu.

Si kwamba Aloisi hakuomba uhamisho. Aliomba. Ombi la kwanza lilirudishwa kwa kukosa viambatanisho. La pili likarudishwa kwa kuzidisha viambatanisho. Kwa la tatu akaambiwa atafute mwalimu wa Ndolela atakayekubali kubadilishana naye kituo. Akahangaika mwaka mzima, akampata mmoja, ofisi ikasema huyo ni wa kemia, na hesabu hazibadilishwi kwa kemia. Ombi la nne lilipokelewa vizuri sana, na afisa aliyekuwa akilishughulikia alistaafu akiwa bado analishughulikia.

Katika miaka hiyo tisa mume na mke walikuwa wameonana mara kumi na saba. Yusta alikuwa na miaka thelathini na nane na alitaka mtoto. Aloisi naye alimtaka huyo mtoto hata akawa anampangia majina akiwa peke yake ubaoni, lakini likizo za walimu na likizo za wauguzi zilipangwa na wakurugenzi wawili ambao hawakuwa wakisalimiana.

*

Sasa mwaka huo Serikali ilikuwa imeelemewa. Maombi ya wananchi yalikuwa yamejaa kwenye makabati, yakamwagika koridoni, na katika wilaya moja yalimwangukia karani akalazwa wiki mbili. Wakubwa wakakaa siku nne na kutoka na busara ambayo nchi nyingine hazijaifikia: kuanzia sasa, mwananchi mwenye ombi lake kwanza ataogelea, kisha ataendesha baiskeli, kisha atakimbia. Akishamaliza, ombi lake litasikilizwa siku hiyohiyo. Asiyemaliza, bila shaka hakuwa na shida kubwa.

Aliyepewa kazi ya kuwaeleza watu wa Kifumo alikuwa Afisa Michezo wa Wilaya, Bwana Sefania Lukombo, mtu mwenye suti moja na filimbi mbili.

"Ndugu wananchi," alisema Bwana Lukombo sokoni, "wapo watakaosema mnasumbuliwa. Sivyo. Wataalamu wamegundua kwamba mwananchi anayekaa kwenye benchi la ofisi anapata maradhi ya moyo. Serikali imewaondolea benchi. Imewapa mita mia nane za maji, kilomita thelathini za baiskeli na kilomita nane za miguu. Huko ng'ambo mchezo huu unaitwa triathloni na watu wanaucheza kwa pesa zao. Ninyi mnapewa bure."

"Na mwenye mguu mmoja je?" akauliza mama mmoja muuza dagaa.

"Huyo ana haki ya kuomba mguu," akasema Bwana Lukombo. "Lakini kwanza amalize."

Watu wakapiga makofi, maana katika nchi hiyo makofi hupigwa hotuba inapokwisha, wala hayana uhusiano na yaliyosemwa.

Aloisi akajiandikisha siku ileile. Kuogelea hakujua. Ziwa lilikuwapo, pana na lenye maji ya kiunoni, ila kuingia ziwani kulihitaji kibali, kibali kilihitaji ombi, na ombi, kama tulivyokwisha kuona, lilihitaji mtu aogelee. Kwa hiyo akajifunzia kwenye josho la ng'ombe. Kila alfajiri, isipokuwa Jumatano ambayo ni zamu ya ng'ombe wenyewe, mwalimu wa hesabu alijitosa kwenye ule mfereji wa saruji uliojaa maji ya dawa, akipiga mikono huku viwiko vikichubuka ukutani, wachungaji wakimwangalia kwa heshima ya kubana kicheko.

"Mwalimu," wakamwambia, "ukitoka humo hata kupe hakutaki."

Akakonda, akanuka dawa, wanafunzi wa dawati la mbele wakahamia la nyuma bila kuambiwa. Baiskeli alikuwa nayo, ya chuma, yenye keria na kengele. Akawa anaipeleka hadi kiwanda cha pamba na kurudi. Mbio alizifanya kwa kuzunguka uwanja wa shule wakati wa kipindi, akitoa hesabu moja kila anapopita dirishani. Baada ya miezi mitatu akajua ameweza. Akafurahi hadi akaogopa, kwa sababu miaka mingi alikuwa hajatarajia kitu.

"Mume wangu," Yusta akamwambia kwenye simu, "usije ukafa maji kwa ajili yangu."

"Maji yenyewe ya kiunoni."

"Basi usije ukafa kiuno. Bado nina kazi nacho."

*

Siku ya mashindano walijitokeza wenye shida arobaini na wawili. Alikuwapo Mzee Kalumbeta, ambaye shirika la umeme lilikuwa limesimika nguzo katikati ya sebule yake na sasa likimshtaki kwa kujenga nyumba kuizunguka nguzo. Alikuwapo Mama Skola, mjane aliyekuwa akitafuta cheti cha kifo cha mumewe. Ofisi ilikuwa tayari kukitoa, mradi mumewe aje mwenyewe kuthibitisha. Wote walikuwa wamevaa bukta, na wote walikuwa wazito wa kuongea.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, alitarajiwa saa mbili asubuhi. Alifika saa saba mchana, na ilipofika saa nane alitakiwa kuwa amekwisha kufika kwenye shughuli nyingine. Mshereheshaji akatangaza kwamba, kwa ajili ya muda, wataanza na kutoa vyeti vya ushindi, halafu mashindano yatafuata baada ya Mheshimiwa kuondoka.

Hakuna aliyeshtuka. Nchi hiyo imekwisha kuzindua madaraja kabla ya kuyajenga, na kuna kijiji kilichomshukuru Waziri kwa maji ya bomba miaka sita kabla ya bomba, ambalo bado linakuja. Washiriki wakaambiwa wapange mstari mbele ya jukwaa. Wakapanga, ila nafasi ya mbele kabisa ikabaki wazi, kwa sababu huko anayesimama mbele ndiye huulizwa maswali. Aloisi alikuwa kando ya ziwa akinyoosha misuli kama kitabu kilivyoelekeza. Alipowasikia wanaitwa akaja mbio, akawa wa mwisho.

Wakati huohuo kipaza sauti kikaanza kupiga mluzi. Fundi wake, kijana mrefu aitwaye Frenki Mapande, aliyekuwa amevaa singlendi kwa sababu ya joto, akapanda jukwaani kukitengeneza. Waziri akageuka, akaona kifua kipana na singlendi, akamvika medali ya dhahabu na kumkabidhi cheti namba moja.

"Hongera sana kijana. Umeipa nchi heshima."

"Mheshimiwa, mimi ni wa vipaza sauti," akasema Frenki. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado hakijapona, kwa hiyo hakuna aliyemsikia.

Vingine vikagawiwa kwa kufuata mstari. Mzee Kalumbeta akawa wa pili. Mama Skola akawa wa arobaini na mbili. Aloisi, mtu pekee aliyekuwa amefanya mazoezi, akapewa cheti cha arobaini na tatu, chenye mhuri, nembo na maneno mazuri ya kumtia moyo. Kipaza sauti kilipopona Waziri akahutubia dakika arobaini juu ya umuhimu wa kutunza muda. Redio ya taifa ikayatangaza matokeo saa nane kasorobo. Kisha msafara ukaondoka kwa vumbi, pamoja na vipaza sauti vilivyohitajika kwenye shughuli inayofuata, na Frenki juu ya gari akivishikilia visidondoke.

*

Filimbi ya kuanza ililia saa tisa.

Majini Aloisi aliwapita wote, maana wengi walikuwa wakitembea. Ufukweni akakuta meza ya Wizara ya Maji, kwa kuwa maji ni ya wizara hiyo na mtu hawezi kutoka humo kiholela. Akapewa Fomu ya Kutoka Majini, nakala tatu. Matone yakamdondoka kichwani, wino ukatapakaa, karani akamrudishia.

"Andika upya, ukiwa mkavu."

Akasimama juani akajikausha, akaandika, akagongewa mhuri. Akarukia baiskeli, na kwenye kilomita ya sita trafiki akamsimamisha kutafuta stika ya ukaguzi, akaizunguka baiskeli mara nne, akapiga kengele, akaridhika na mlio. Kwenye mbio za miguu washiriki waliamriwa wasimame wima pembeni mwa barabara nusu saa, kwa sababu ilisemekana msafara wa Waziri ungeweza kurudi. Haukurudi. Yote hayo yaliwapata na wengine, kwa hiyo Aloisi akaendelea kuongoza. Alipouona utepe mwekundu mbele yake hapakuwa na mtu hata mmoja nyuma yake kwa kilomita mbili, na machozi yalimtoka akiwa bado anakimbia.

Bwana Lukombo akamnyooshea kiganja.

"Simama hapo, Mwalimu."

"Nimemaliza, mzee."

"Hujamaliza. Wewe ni wa arobaini na tatu. Hapa mimi naona mtu mmoja."

"Wenzangu wako nyuma."

"Ndilo tatizo lenyewe. Wewe ndiye unayetakiwa kuwa nyuma."

Aloisi akamweleza, akihema, kwamba vyeti viligawiwa kabla ya mashindano, kwamba namba zilifuata mstari tu, kwamba yeye alikuwa ananyoosha misuli. Bwana Lukombo alimsikiliza kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa na ombi lake la kupandishwa cheo, lenye umri wa miaka kumi na mbili.

"Matokeo yametangazwa redioni," akasema. "Mwalimu wangu, unataka Waziri aonekane mwongo?"

Aloisi hakutaka, na katika nchi hiyo sijui kama kuna anayetaka. Bwana Lukombo akachukua chaki, akachora namba barabarani, moja hadi arobaini na tatu, kuanzia kwenye utepe kurudi nyuma, na Aloisi akaenda kusimama kwenye namba yake, hatua arobaini na tatu kutoka pale alipokuwa amefika.

Wengine wakaingia mmoja mmoja, wakaelekezwa kwenye chaki zao. Mbalamwezi ilipokuwa juu, mstari ulikuwa umetimia, isipokuwa namba moja.

"Mimi ni wa pili," akasema Mzee Kalumbeta. "Nipishe nipite."

"Wa pili baada ya nani?" akauliza Bwana Lukombo.

Mzee akatazama chaki tupu iliyokuwa mbele yake, akakaa chini.

*

Ikapigwa simu ofisi ya Waziri. Ikajibiwa kwamba mshindi yuko kwenye majukumu ya kitaifa na atakuja kumaliza mbio mara tu ratiba itakaporuhusu. Washiriki wakaelezwa kuwa hawajafungwa, nchi hiyo haifungi watu hovyo. Mtu yeyote alikuwa huru kujaza Fomu ya Kujitoa, ambayo ilisema tu kwamba aliyejitoa hataomba jambo lolote serikalini kwa miaka kumi. Wawili wakaijaza. Wengine wakahesabu umri wao na kubaki.

Aloisi alihesabu wa Yusta.

Basi wakaishi pale. Walitandika mikeka, wakapika pembeni, wakalala kila mmoja juu ya namba yake. Magari yakafundishwa kupita upande wa pili. Mwalimu mkuu alimwandika Aloisi kwenye rejesta kuwa yupo michezoni, na wakaguzi wakaisifu shule kwa kushiriki. Darasa la Tano likamaliza mwaka bila kujua kugawanya. Mama Skola, jirani yake wa mbele, alikuwa akimsimulia habari za mumewe, na kila alipoanza alisema "marehemu" kisha akaangalia huku na huku, maana kumwita marehemu mtu ambaye ofisi inasema yu hai ni kosa.

Mwezi wa tatu Yusta akapata likizo ya siku saba. Nne ziliishia kwenye mabasi, tatu akazileta Kifumo. Akamkuta mumewe amekaa barabarani, ndevu zimemjaa, amevaa bukta ileile. Kati yao palikuwa na kamba ya watazamaji.

Akanyoosha mkono amguse. Bwana Lukombo akapuliza filimbi.

"Samahani, Nesi. Msaada kutoka kwa mtazamaji hauruhusiwi. Atafutwa kwenye orodha."

"Mkono wangu ni msaada?"

"Kwa hali aliyo nayo," akasema Bwana Lukombo, "naona ni msaada mkubwa."

Wakakaa siku tatu, mmoja upande huu na mmoja upande ule, hatua moja kati yao. Yusta alimletea ndizi za nyama. Zikawekwa chini, zikakaguliwa, zikarudishwa kwake. Akazila yeye mbele ya mumewe, analia huku anatafuna, kwa sababu Aloisi alimsihi asizitupe.

"Umekonda," Yusta akamwambia.

"Ni mazoezi."

"Mazoezi gani, na wewe umekaa?"

"Kukaa huku, mke wangu, hujajua tu. Kunachosha kuliko josho."

"Aloisi, jaza hiyo fomu turudi tulivyokuwa."

"Tulikuwaje?"

Yusta akafunga sufuria tupu kwenye kanga. Siku ya nne alipanda basi, na Aloisi aliliangalia mpaka likapotea, kisha akageuza uso kuelekea kwenye utepe, maana kanuni zilitaka mshiriki aangalie mbele.

*

Mwaka ukaisha. Frenki Mapande alikuwa bado anazunguka na vipaza sauti vya Waziri. Kifumo ikatangaziwa mashindano ya pili, na safari hii waliojiandikisha walikuwa sitini na mmoja, maana shida hazikuwa zimepungua. Mmoja wao alikuwa Nesi Yusta wa Ndolela, ombi: kuhamia kwa mume wake, au mume wake kuhamia kwake, au wote wawili kuhamishiwa popote.

Waziri alichelewa. Kwa ajili ya muda, wakaanza na vyeti. Frenki safari hii alitengenezea mitambo yake chini ya jukwaa, asije akavikwa medali tena, na akaondoka na msafara bila yeyote wa foleni kumwona. Washiriki walipoambiwa wapange mstari, Yusta hakukimbilia mbele wala hakubaki nyuma. Alitembea taratibu kando ya watu akihesabu kwa kidole, na alipofika alipopataka akajipenyeza katikati ya fundi cherehani na mstaafu mmoja wa reli.

"Dada, hapa nimesimama mimi," akasema mstaafu.

"Baba yangu, nakuomba. Nafasi hii ina mtu wangu."

Mstaafu akamtazama, akarudi nyuma hatua moja. Hivyo ndivyo Yusta alivyopata cheti cha arobaini na tatu. Namba moja akapewa kijana mwenye viatu vya raba aliyekuwa amemshikia Waziri mwavuli, naye akaondoka na msafara, akiwa bado ameushika.

Kuogelea, baiskeli na mbio Yusta alivifanya vyote, na sitasema alivifanyaje, maana alifika akiwa na goti limepasuka na hakutaka kuulizwa. Bwana Lukombo alikuwa amechora chaki za mwaka wa pili sambamba na za mwaka wa kwanza, ili barabara iwe nadhifu. Yusta akazifuata hadi arobaini na tatu na kusimama. Kushoto kwake, umbali wa kiwiko, alikuwa mumewe.

Aloisi alimtazama Bwana Lukombo. Bwana Lukombo akaitazama kanuni, ukurasa kwa ukurasa. Ilikataza msaada wa mtazamaji. Ya mshiriki kwa mshiriki haikusema kitu. Akaingiza filimbi mfukoni.

"Goti hilo linataka kuoshwa," Aloisi akasema.

"Basi lioshe," akasema Yusta.

Hawakuwahi kukaa pamoja siku nyingi namna ile tangu waoane. Yusta akautandika mkeka wake juu ya mkeka wa mumewe, akamnyoa ndevu, akamkaripia kwa jinsi alivyokuwa akikunja nguo. Waligombana juu ya chumvi. Mama Skola akawageuzia mgongo kwa heshima. Ilikuwa ni barabara, jua na vumbi, na miezi miwili hiyo walikuwa na furaha hadi wakaona haya mbele ya wenzao.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka makao makuu, ya kwanza kumfikia Aloisi bila kudai viambatanisho. Ilisema: "Taarifa tulizo nazo zinaonyesha kwamba mwombaji na mwenza wake sasa wanaishi mahali pamoja. Kwa hiyo ombi la uhamisho limetekelezwa na jalada limefungwa. Ofisi inakupongeza. Mara utakapomaliza mbio utaripoti kituoni kwako Kifumo, na mwenza wako, atakapomaliza zake, ataripoti Ndolela."

Aloisi aliisoma mara tatu, akampa Yusta. Yusta aliisoma mara moja.

"Basi na tusimalize," akasema.

"Ndiyo," akasema Aloisi. "Huyo Frenki hawezi kuja."

*

Frenki alikuja Alhamisi. Waziri alikuwa amenunuliwa vipaza sauti vipya, vyenye fundi wao, na kijana akarudishwa Kifumo na medali yake shingoni. Hakuwa amejua kwamba kuna watu wanamngoja. Alipoambiwa alisikitika kwa dhati, akavua viatu, akaingia ziwani siku hiyohiyo na kulivuka kwa miguu akiwa ameshika suruali. Baiskeli aliiazima. Mbio alizitembea. Ijumaa saa nane mchana akaukata utepe, na Bwana Lukombo, ambaye alikuwa ameungoja wakati huo miezi kumi na minne, akalia kwa kwikwi mbele ya watu.

Foleni ya mwaka wa kwanza ikaanza kupungua. Mzee Kalumbeta akavuka, akaketi mbele ya karani wa maombi, akaieleza nguzo yake tangu ilipoletwa kwenye lori. Karani alimsikiliza hadi mwisho, mkono shavuni.

"Tumesikia, mzee. Anayefuata."

Mzee akabaki kwenye kiti. Ikabidi asaidiwe kuinuka.

Wakaenda wa tatu, wa nne, wa kumi, na kila mmoja alisikilizwa vizuri. Kila mmoja aliitwa kutoka kwenye chaki yake, na wa nyuma wakabaki kwenye zao hadi waitwe. Mama Skola akageuka kuwaaga. Akawashika wote wawili vichwani. Akaenda. Akavuka, akazungumza kidogo na karani, na alipotoka mezani alikuwa bado mke wa mtu.

Kati ya Aloisi na utepe sasa hapakuwa na mtu, zilikuwapo chaki tupu arobaini na mbili. Upande wa kulia foleni ya mwaka wa pili ilikuwa imetulia palepale, ikimngoja kijana wa mwavuli.

"Arobaini na tatu," akaita Bwana Lukombo. "Mwalimu Mng'anya."

Aloisi akapiga goti moja chini. Kamba ya kiatu cha kulia ilikuwa imelegea.

"Mwalimu, tunafunga saa kumi. Asiyevuka kufikia saa kumi amejitoa, na aliyejitoa anaondolewa barabarani."

"Nasikia, mzee. Nafunga kamba tu."

"Ni saa tisa na nusu."

"Sichelewi."

Akaifunga. Akaona fundo halikukaa sawa, akalifungua. Yusta akachuchumaa karibu naye hadi mabega yao yakagusana, akainama kukagua kiatu cha pili kwa makini, kama anavyokagua kidonda.

"Na hii ya kushoto," akasema, "imelegea."

"Ya kushoto?"

"Ndiyo. Ifungue yote, uanze upya."

Aloisi akaichomoa kamba kutoka kwenye matundu, moja baada ya jingine, akaiweka mapajani. Bwana Lukombo aliwaangalia, akaangalia saa yake, kisha akageuka upande wa ziwa na kusimama hivyo, mgongo kwao, kwa dakika thelathini zilizokuwa zimebaki.